Bakuli la Meno ya Mzee Tuiloma

Kila asubuhi, majogoo wakiwa bado wanagombana juu ya mshelisheli, Fetuao alikuwa ameshakoka moto. Alitwanga kakao iliyokaangwa, akaichemsha katika sufuria mbili: moja ya sukari kwa ajili yake na Bibi Aliitasi, nyingine chungu kabisa kwa ajili ya Babu, kwa kuwa Babu alikuwa na kisukari. Kisha alifagia majani yaliyoanguka uwanjani. Kijijini kwetu Satuilagi uwanja mchafu ni aibu ya nyumba nzima, na wapita njia hawaoni haya kusema.

Kazi yake ya mwisho kabla ya kwenda shule ilikuwa bakuli. Lilikuwa bakuli jeupe lenye mfuniko, likikaa kando ya mkeka wa Babu, na ndani yake mlikuwa na maji ya kijani yaliyochemshwa kwa majani. Humo ndimo meno ya bandia ya Babu yalipaswa kulala usiku kucha. Asubuhi, Fetuao alipaswa kuyatoa, kuyasugua kwa brashi, kuyasuuza na kumkabidhi Babu kwa mikono miwili.

Alifunua mfuniko. Maji yalikuwepo, meno hayakuwepo. Meno yalikuwa kinywani mwa Babu, yakikoroma pamoja na mwenyewe.

Fetuao akatembea hadi nyuma ya jiko, akamwaga yale maji, akaliosha bakuli taratibu kana kwamba limefanya kazi.

"Umeyasugua vizuri?" Bibi Aliitasi aliuliza bila kugeuka. Alikuwa anamenya magimbi.

"Ndiyo, Bibi."

"Na ndani, upande wa kaakaa?"

"Na ndani."

Uongo huo ulikuwa mdogo, na Fetuao alishauzoea. Alijifuta mikono, akachukua mfuko wake wa shule, akaondoka haraka asije akaulizwa swali la tatu.

Mzee Tuiloma, babu yake Fetuao, hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa msemaji wa kijiji. Wageni wakija, yeye ndiye aliyesimama katikati ya uwanja, fimbo mkononi na usinga begani, akawapokea kwa maneno mazito na matamu ambayo watu waliyarudia njiani wakirudi nyumbani. Baba na mama yake Fetuao walikuwa wanafanya kazi New Zealand, na tangu walipoondoka, mtoto alikuwa akiishi na Babu pamoja na dada yake Babu, Bibi Aliitasi, mganga wa majani. Babu alipenda kumwambia Fetuao kwamba sauti ya kijiji ikinyamaza, kijiji kimelala njaa hata kama vyungu vimejaa.

Matatizo ya kinywa chake yalianza baada ya Pasaka. Kaakaa lilimwasha, kisha likawa jekundu, kisha yakatokea mabaka meupe yasiyofutika. Daktari Folole, daktari wa meno wa hospitali ya wilaya, alisema ni fangasi, akampa dawa ya matone. Fangasi wakaondoka, wakarudi. Akampa vidonge. Wakaondoka, wakarudi na hasira zaidi. Tuseme ukweli, Babu alikuwa anatumia dawa kama mtu anayeonja mchuzi. Akisikia nafuu kidogo tu, chupa inarudi rafuni.

Bibi Aliitasi naye alijaribu lake. Nyuma ya nyumba alikuwa na ua wa fai lafa, mti mfupi wenye maua ya njano yaliyosimama wima kama mishumaa. Nusu ya watoto wa kijiji wameponywa choa na mapunye kwa majani hayo, na Bibi hapokei malipo. Alimtengenezea kaka yake maji ya kusukutua, akamwonya ateme yote. Kwa bahati mbaya, Babu alipoyatia mdomoni, mchungaji akaingia kumsalimu. Mzee mzima ateme mbele ya mchungaji? Akameza. Na majani yale yakishuka tumboni hayana mchezo. Siku ile Babu alipishana na mlango wa choo mpaka jua likazama, na mchungaji akajiuliza amemkosea nini.

Daktari Folole aliposikia kisa hicho hakucheka. Alimwomba Bibi kikapu cha majani.

"Wenzangu wa maabara kule mji mkuu, Apia, wanayachunguza hayahaya," alisema. "Wanawaotesha fangasi juu ya vipande vya plastiki, ileile inayotengenezewa meno ya bandia, kisha wanavitia vipande hivyo kwenye maji ya majani."

"Kwa nini wawaoteshe tena?" Fetuao aliuliza. "Si wangewaua tu?"

Daktari akamgeukia. "Nyumbani kwenu mna tangi la maji ya mvua?"

"Lipo."

"Ukipitisha mkono ukutani kwa ndani unasikia nini?"

"Utelezi."

"Ukimwaga maji juu yake unatoka?"

"Hautoki. Mpaka usugue kwa kumbi la nazi."

"Basi fangasi nao hujenga utelezi kama huo. Hushikamana, hujifunika utando wa ute, na dawa ikija inapita juu tu. Walio chini wanabaki salama, wanazoea dawa, wanakuwa sugu. Majani ya bibi yako, kwenye vyombo vya maabara, yanaulegeza utando huo. Kwenye kinywa cha mtu bado hatujui. Kwa hiyo hatutamtibu mzee kwa majani, tutayatibu meno yake. Kila jioni yavuliwe, yalale kwenye maji haya, asubuhi yasuguliwe. Mzee atumie matone yake. Kazi ya bakuli nani ataifanya?"

"Mimi," Fetuao alisema, na moyo wake ulijaa fahari.

Fahari hiyo ilidumu mpaka jioni. Baada ya sala, Fetuao alipoleta bakuli, Babu alilitazama kama mtu aliyeletewa ugomvi.

"Babu, daktari amesema yalale humu."

"Daktari haishi hapa kijijini. Mtu akinijia alfajiri na habari za msiba, nimpokee na mdomo mtupu? Niseme karibuni, asikie fwa-fwa-fwa?"

Fetuao alitaka kucheka, akajizuia.

"Liweke hapo," Babu alisema. "Atakayeuliza, mwambie yamelala."

Fetuao alikaa kimya, miguu ameikunja, macho chini, kama alivyolelewa. Kwetu mtoto hasimami mkubwa akiwa ameketi. Hapiti mbele yake bila kuinama na kusema tulou, yaani niwie radhi. Neno la mkubwa halirudishwi, na neno la msemaji wa kijiji halirudishwi hata na wakubwa wenzake. Fetuao aliliweka bakuli, akaondoka kinyumenyume. Tangu jioni hiyo maji ya majani yalirudi kama yalivyokwenda.

Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyetazama. Hata hospitali, Daktari Folole alipoinama na kusema, "Tulou, mzee, nifungulie kinywa," Bibi Aliitasi aligeukia dirishani na Fetuao akainamia vidole vyake vya miguu. Nani atamchungulia msemaji mdomoni kama anayechungulia chungu?

"Anayavua kila jioni?" daktari aliuliza.

Babu alikuwa amefumba macho. Bibi akamtazama Fetuao. Daktari akamtazama Fetuao.

"Ndiyo," akasema Fetuao. "Yanalala."

Wiki zikapita na Babu akazidi kukonda. Gimbi likamshinda, akahamia kwenye shelisheli iliyopondwa kwa tui la nazi. Nayo ikamshinda, akabaki na mchuzi wa samaki uliopoa. Sauti ikaanza kukwaruza. Na kijiji kilikuwa kinajiandaa kufungua madarasa mapya ya shule. Wageni wangetoka vijiji vya pande zote za kisiwa chetu cha Savai'i, na wote walitarajia kumsikia Tuiloma.

"We Fetuao," Tavita alimwita siku moja wakati wa mapumziko. Tavita alikuwa mtoto wa jirani, mwenye mdomo usiojua likizo. "Babu yako siku hizi anaongea kama ana gimbi la moto mdomoni. Siku ya wageni atasema nini? Baba anasema bora wamtafute msemaji mwingine."

"Mwambie baba yako amtafutie mwanawe adabu."

"Mimi nimesema nini? Nimesema gimbi tu."

Fetuao alimwacha akicheka. Alikwenda kukaa nyuma ya darasa jipya, lililonuka rangi, na hapo akalia. Hakulia kwa sababu ya Tavita. Alilia kwa sababu alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na lilikuwa limemkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Kisha homa ikaja. Babu alitetemeka chini ya mablanketi mchana wa jua kali, akapelekwa hospitali kwa gari la mchungaji, akalazwa. Daktari Folole alifika nyumbani siku iliyofuata kuzungumza na Bibi Aliitasi. Alikataa kakao, na Fetuao akajua kwamba habari si njema.

"Majibu ya vipimo vya mzee yametoka Apia," daktari alisema. "Fangasi hawa hawavijali tena vidonge vyetu. Wakiingia kwenye damu, kwa mtu mwenye kisukari kama yeye, tunaweza kumpoteza. Imebaki dawa moja kali ya sindano. Lakini figo zake ni dhaifu, na dawa hiyo ni adui wa figo. Nikimpa, naogopa. Nisipompa, naogopa."

"Na majani?" Bibi aliuliza polepole.

Daktari alisita. "Majani hayakusaidia, Bibi. Yamelala humo jioni zote hizo na kinywa kimezidi kuharibika. Itabidi niwaambie wenzangu kwamba kwa mgonjwa huyu yameshindwa. Nisamehe."

Bibi Aliitasi alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi, akachukua panga lililokuwa limechomekwa kwenye nguzo ya jiko. Fetuao alimfuata kwa macho. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye ua wake wa fai lafa na kuanza kukata.

Hakukata kwa hasira, na hilo ndilo lililotisha. Alikata kama mtu anayefanya kazi ya kawaida. Tawi moja lilianguka na mishumaa yake ya njano, kisha jingine. Ua huo aliupanda mama yake. Watu walitoka mbali kuja kuuomba majani.

"Bibi, usikate!"

"Mti uliomshinda kaka yangu naufuga wa nini?"

"Bibi, haukushindwa!" Fetuao alilishika tawi lililokuwa linafuata, panga likiwa bado hewani. "Haukushindwa! Haukujaribiwa! Meno hayajawahi kulala kwenye bakuli. Hata mara moja. Babu analala nayo. Mimi namwaga maji tu, namwaga kila siku, na nakudanganya wewe, na nimemdanganya daktari!"

Panga lilishuka taratibu mpaka likagusa majani. Bibi Aliitasi alimtazama mjukuu wake. Uso wake ulibadilika, na Fetuao akatamani ardhi ipasuke.

"Kwa nini?"

"Babu aliniambia niseme yamelala."

"Na ulipoona anakonda?"

"Niliogopa kumvunjia heshima."

"Vaa nguo safi," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tunakwenda hospitali. Utayasema maneno hayahaya, mbele yake. Siyasemi mimi."

Mchungaji aliwapeleka. Walimkuta Babu amelala chali, midomo imekauka, na Daktari Folole anasoma joto lake. Fetuao alikunja miguu sakafuni kando ya kitanda. Alitaka sana Bibi aanze, lakini Bibi alibaki mlangoni.

"Tulou, Babu," alisema, kisha akamgeukia daktari. "Nilisema uongo. Meno hayakulala kwenye maji ya majani. Yalikuwa mdomoni mwake mchana na usiku. Hata sasa yamo."

Daktari aliketi kitandani bila kujijua. "Siku zote?"

"Siku zote."

Babu alifumbua macho. "Nani amekutuma?" Sauti ilitoka kwa taabu.

"Hakuna, Babu."

"Nilikwambia useme nini?"

"Uliniambia niseme yamelala." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. "Nikasema. Nilikuheshimu, Babu. Lakini sasa naogopa utakufa huku nakuheshimu."

Bibi Aliitasi akasogea kitandani, naye hakutumia sauti ya mganga, alitumia sauti ya dada.

"Umesikia, Tuiloma? Umemfanya mtoto mwongo. Umeufanya na mti wa mama yetu mwongo. Nimeukata nusu leo kwa mikono yangu. Yote hayo ili usionekane huna meno! Kijiji kizima kinajua huna meno, kaka yangu. Uliyanunua Auckland na ukayatangaza wewe mwenyewe kanisani."

Babu aligeuzia uso ukutani. Alikaa hivyo mpaka Fetuao akadhani amelala. Kisha mkono wake ukapanda polepole hadi mdomoni, ukavuta, na kipande cha plastiki chenye meno kikatoka kwa sauti ya kunata. Alikishusha kwenye kiganja cha mjukuu wake bila kumtazama. Mashavu yake yalibonyea papo hapo. Alionekana mdogo, na mzee kuliko alivyokuwa dakika moja iliyopita, na Fetuao alimwonea huruma iliyomuuma.

"Tulou, mzee," Daktari Folole alisema, akamulika tochi. Alitazama, akatikisa kichwa. "Fetuao, njoo uone."

Fetuao hakusogea. Babu akafunga macho, kisha akaitikia kwa kichwa, kidogo sana.

"Tulou, Babu," Fetuao alisema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitazama ndani ya kinywa cha babu yake. Kaakaa lilikuwa jekundu kama nyama mbichi, na wekundu huo ulikuwa na umbo lilelile la plastiki, pembe kwa pembe. Juu yake mabaka meupe yalikuwa yamekatika kama tui lililoharibika.

Daktari alikigeuza kile kipande na kukikwaruza kwa ndani. Ute wa rangi ya udongo ulikuja kwenye kijiti, ukitoa harufu nzito.

"Huu ndio mji wao," alisema. "Kila tulipotia dawa, sisi tulinyunyizia paa la nyumba, wao wamo ndani wanakula. Na plastiki ilipokuwa haitoki, kaakaa halikupata hata dakika ya kupumua." Alimgeukia Bibi. "Ile dawa ya matone haijashindwa. Haikupata njia. Nitasubiri kidogo kabla ya sindano. Lakini homa ikipanda zaidi, sitakuwa na hiari. Naomba majani."

Bibi Aliitasi alirudi kijijini akaleta majani ya matawi yaliyokatwa, kwa kuwa hayakuwa yamenyauka bado. Walichemsha, wakapoza, wakazamisha meno. Asubuhi Fetuao alipoyasugua, ute uliokuwa umeng'ang'ana ulianza kutoka vipande vipande, na maji yakachafuka. Alisugua mpaka vidole vikamuuma. Wakayarudisha kwenye maji mapya. Babu, kinywa wazi na bila kizuizi cha plastiki, alipakwa matone yake saa baada ya saa, safari hii mpaka tone la mwisho.

Zilikuwa siku za kungoja, na za hofu. Homa ilishuka, ikapanda, na siku ilipopanda, sindano iliandaliwa mezani kabisa. Ikashuka tena. Kisha asubuhi moja Babu alisema anataka kakao, tena ya sukari, na Bibi akamgombeza kwa furaha. Sindano ikarudi kabatini.

Daktari Folole aliwapigia wenzake wa Apia mbele yao. "Msiyafute yale majani katika utafiti," aliwaambia. "Ndiyo, mzee ana nafuu. Hapana, sijui ni majani, au ni brashi, au ni meno kuvuliwa. Huenda ni vyote pamoja. Endeleeni kupima." Alipokata simu alimwona Fetuao akimkodolea macho. "Ulitarajia niseme ni majani peke yake? Nikisema nisichokijua, mgonjwa mwingine mahali pengine ataumia. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Fetuao aliinamisha kichwa. Alilijua.

Babu alirudi nyumbani, lakini nyumba haikurudi kama zamani. Alikuwa akila, akitembea, akiwasalimu wapita njia kwa kichwa. Kwa Fetuao hakusema neno. Fetuao alipomletea kakao aliipokea, alipomletea bakuli alilitazama, basi. Alijiambia kwamba afadhali babu mzima aliyenuna kuliko yule wa hospitali. Hata hivyo kimya kile kilimuumiza, na hakuna aliyeweza kumwondolea.

Daktari alikuwa amekataza meno yasivaliwe mpaka kaakaa lipone kabisa. Siku ya wageni ikafika kabla kaakaa halijapona. Wasemaji wawili walikuwa wamekuja kujitolea kusimama badala yake, na wote wawili aliwakatalia kwa mkono. Kwa hiyo asubuhi ya siku ile Fetuao alipiga magoti mbele ya bakuli jeupe akiogopa kulifunua. Alijua babu yake anavyojali. Kama angelikuta tupu, angefanya nini? Angesema tena, mbele ya wageni wa kisiwa kizima?

Akafunua. Meno yalikuwa yamelala chini ya maji ya kijani, safi, yote.

Uwanja ulijaa. Wageni waliketi upande wa baharini, wenyeji upande wa madarasa mapya, watoto wa shule mbele katika sare zao. Mzee Tuiloma alisimama katikati, fimbo mkononi, usinga begani, mashavu yamebonyea. Akaanza. Maneno yalikuwa yaleyale mazito, lakini yalitoka yamejaa upepo, kila "s" ikipiga filimbi. Katika safu ya watoto mtu alicheka. Fetuao hakuhitaji kugeuka kujua ni nani.

Babu akanyamaza.

"Cheka, Tavita," alisema. "Cheka kwa nafasi. Mwaka jana kichwa chako kilipokuwa na mapunye kama ramani ya dunia, na sisi tulicheka."

Wageni wakaangua kicheko, wenyeji wakafuata, na Tavita akatafuta pa kujificha nyuma ya mwenzake mwembamba. Babu alingoja watulie.

"Wageni wetu watukufu, meno yangu yako nyumbani, yanaoga. Niliwakataza watu wasiniangalie mdomoni, nikaiita heshima. Nikamwamuru mtoto anifichie, nikaiita hiyo pia heshima. Heshima hiyo ilinifikisha mlangoni mwa kaburi. Fetuao, njoo hapa."

Ilibidi apite mbele ya wazee wote wa Savai'i. Aliinama mpaka mikono ikakaribia nyasi, akapita akisema, "Tulou, tulou, tulou."

"Mmesikia neno hilo?" Babu aliuliza watoto wa shule. "Nimelisikia tangu nizaliwe na sikulielewa. Nilidhani maana yake ni kuinama na kutotazama. Mtazameni huyu. Amesema tulou, na amepita! Hakubaki kule alikokuwa. Alikuja hospitali akaniambia tulou, na akasema ukweli uliobidi kusemwa. Wanangu, mkubwa akikwambia umsaidie kuficha ugonjwa, usimtukane na usimdharau. Inama, sema tulou, kisha pita. Nenda kwa anayeweza kusaidia, ukaseme kweli. Na dawa ukipewa, itumie mpaka iishe, usiionje kama mimi nilivyoionja."

Akaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake, mbele ya watu wote. "Nilikuwa nimekununia," alisema kwa sauti ya chini ambayo Fetuao peke yake aliisikia. "Nilikuwa naona haya, siyo hasira."

Jioni, baada ya sala, Fetuao alileta bakuli lenye maji mapya ya majani, ingawa meno yenyewe hayakuwa yametumika. Ua wa Bibi ulikuwa umeanza kuchipua pale ulipokatwa. Babu aliketi kwenye mkeka wake, akaisogeza taa karibu, akafungua kinywa bila kuambiwa.

"Tulou, Babu," Fetuao alisema, akainama, akatazama vizuri.